Datsun ya mjomba, na injini niliyoijenga mara mbili

Mjomba alifariki mwaka 2019. Kwetu mjomba ana neno lake, na lile alilokuwa amelisema akiwa hai ndilo kikao cha ukoo kililolifuata pale Nanyamba: mikorosho ekari sita na Datsun 240Z ya mwaka 1972 vije kwangu. Gari lilikuwa ndani ya ghala la korosho, limefunikwa turubai la kijani, matairi yamelala kabisa, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha abiria.

Alilinunua Dar mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya mapenzi ya Safari Rally. Jioni alikuwa akitusimulia jinsi 240Z ilivyoshinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha ikashinda tena mwaka 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mimi nililiosha gari lile tangu nikiwa darasa la nne, kwa hiyo lilipokuja kwangu sikuliona kama chuma chakavu. Nilikuwa nimeachiwa kitu cha mtu niliyempenda.

Naandika kwa sababu tangu lianze kuonekana tena barabarani, watu wananisimamisha kuanzia Mikindani mpaka Masasi, na swali ni lilelile: "Mwalimu, umeweka injini gani?" Wengine wana magari ya zamani nyumbani, Datsun 1600, Celica, Ford Escort, wanatafuta pa kuanzia. Mimi nilianza vibaya, tena mara mbili, na kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Injini yake ya asili ni L24: silinda sita mstari mmoja, cc 2,393, kiwandani waliiandikia nguvu za farasi 151. Tulipoifungua, maji yalikuwa yameingia kupitia kabureta miaka yote ile ya kukaa, pistoni mbili zimeganda, na kwenye bloki, yaani mwili wa injini wenye silinda, ukuta wa silinda ya 3 ulikuwa na ufa uliofika kwenye njia ya maji. Hedi, kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, ilikuwa nzima. Fundi wangu, mzee mmoja wa Chikongola aliyeanza kushika spana kabla sijazaliwa, alipitisha kidole kwenye ule ufa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hii bloki imetutoka."

Hapo ndipo haraka iliponishika. Ilikuwa Desemba 2021, malipo ya korosho yametoka, na rafiki yangu wa Dar akaniambia kuna injini ya Toyota, 1JZ-GE safi, eneo la Gerezani, imetoka kwenye Mark II, ina giaboksi yake na waya zake zote. Cc 2,491, farasi 200, na spea zake zimejaa kila duka. Hoja hiyo ya spea ilikuwa ya kweli. Nikalipa shilingi 3,800,000 bila kushika futi wala rula.

Ilipofika Mtwara tukaining'iniza juu ya gari kwa mnyororo, tukaishusha taratibu. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikagonga krosimemba, chuma kinachokatiza mbele chini ya gari. Tukaiinua, tukaisogeza nyuma, giaboksi ikagonga mwili wa gari. Nilimlipa kijana wa kuchomelea shilingi 450,000 atengeneze mauntingi mpya za kushikia injini, akazitengeneza, na bado boneti haikufunga. Njia iliyobaki ilikuwa kukata krosimemba na kupanua njia ya giaboksi kwa gesi. Mzee akaweka tochi chini. "Mwalimu, tukishaikata hii hairudi. Mjomba wako angetaka tuikate?"

Sikumjibu. Nilikwenda kukaa nje, kwenye kivuli cha mwembe, karibu saa nzima. Wapo wanaobadilisha injini za namna hii kwenye 240Z na zikatulia vizuri, siwapingi. Ila wanaanza na vipimo: sampu iko mbele au nyuma, giaboksi ina urefu gani, safu ya usukani inapita wapi. Vyote hivyo vinapimwa kabla fedha haijatoka mfukoni. Ile 1JZ niliiuza baada ya miezi minne kwa shilingi 2,600,000. Ukijumlisha na kuchomelea, nilipoteza 1,650,000, na gari bado lilikuwa juu ya magogo.

Mzee ndiye aliyenionyesha njia. Aliniambia L24 ina kaka yake mkubwa, L28, na kwamba kaka huyo aliwekwa pia kwenye Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980, zile ambazo taasisi na miradi mingi walikuwa nazo huku Kusini. Mauntingi zilezile, giaboksi ileile inaingia, hedi inabadilishana. Tofauti iko kwenye ujazo: L24 ina kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni 73.7, L28 ina 86 na 79, ndiyo maana inafika cc 2,753. Kinachobidi ni kuhamisha sampu na bomba la kunyonyea oili kutoka kwenye injini ya zamani.

Tuliipata Patrol Masasi, imekaa nyuma ya nyumba, haina matairi. Kabla ya kusema bei, Mzee aliomba betri na akachomoa plagi zote sita. Angalia alivyofanya, maana kipimo hiki kinamalizika kwa nusu saa. Alifunga geji ya kompresheni silinda moja moja, mimi nikikanyaga mafuta mpaka mwisho huku napiga stata. Silinda tano zilisoma kati ya psi 125 na 135. Ya sita ikasoma 90. Akamimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda ile, tukapima tena, ikapanda mpaka 120. Akatabasamu. Oili ikipandisha kipimo, tatizo ni ringi, zile pete za pistoni, na ringi zinabadilishwa. Isingepanda, tungewaza valvu au gasketi, na hata bei ingekuwa nyingine. Tukaichukua kwa 1,200,000. Mwombe muuzaji hati ya mauziano yenye namba ya injini. Utaihitaji TRA wakati wa kubadilisha kadi, na askari wa ukaguzi atataka kuiona namba yenyewe kwenye bloki.

Hapo mambo yalikuwa yamenyooka. Ningemwachia Mzee ajenge alivyojua, ningekuwa naendesha miezi sita baadaye. Lakini nilikuwa nimeanza kusikiliza wengine.

Kuna fundi mmoja, sitamtaja, anayetengeneza magari ya mashindano. Aliposikia nina 240Z na L28 macho yalimng'aa, na yangu pia yakang'aa. Akasema hedi ile ya L24, yenye chapa E31, ni lulu kwa sababu chumba chake cha moto, nafasi ambamo petroli inawaka, ni kidogo. Ikae juu ya L28 yenye pistoni bapa, kompresheni, yaani mara ngapi hewa na petroli vinabanwa, itapanda kupita 10, halafu kamshafti ya mbio, mhimili wa kufungua valvu, na mimi nitakuwa na gari kama la Mehta. Alisema kweli kuhusu hedi. Asichouliza ni gari litatembea wapi. Nami sikumwambia, kwa sababu kichwani mwangu lilikuwa linatembea kwenye hadithi za mjomba.

Bloki ilikwenda Dar kwa basi ikaborishwa, yaani silinda zikapanuliwa, hadi milimita 86.5, shilingi 540,000 pamoja na kazi ya kranki. Pistoni bapa na ringi zake niliagiza nje, 1,900,000 na usafiri na ushuru. Zilifika Dar mwishoni mwa Aprili 2024, na wiki iliyofuata kimbunga Hidaya kikakata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga. Mzigo ukakaa Dar, mimi nikahesabu siku. Kamshafti 850,000. Gasketi, beringi, sili, 780,000. Ufundi 700,000.

Iliwaka Septemba. Nililia, na sioni aibu kusema. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu mjomba alipokuwa na nguvu zake.

Lakini wiki ya kwanza tu nilianza kuona kitu. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilikuwa haitulii chini ya 1,200 kwa dakika, gari linatetemeka likisimama, na nguvu zilikuwa hazianzi mpaka injini ipite 3,500. Sasa fikiria barabara yetu. Kutoka Mtwara mpaka Mnazi Mmoja pale Mingoyo vijiji vinafuatana, kila kijiji kina kibao cha 50, matuta, mbuzi, na watoto wanaotoka shule. Gia ya tatu kwa spidi 50, kwa difu yangu (gia ya ekseli ya nyuma) ya 3.9, injini inazunguka kama 2,200 kwa dakika. Yaani nguvu nilizozilipia zilikuwa zinakaa juu ya mahali ambapo mguu wangu haufiki. L24 ya zamani, na udogo wake, ilikuwa inavuta vizuri zaidi pale chini.

Novemba nikaenda Newala kwenye mnada wa korosho, nikapitia Masasi. Jua la saa saba, mimi na binamu yangu, na gunia mbili nyuma. Tulipoanza kupanda uwanda wa Makonde nikakanyaga, na chini ya sauti ya injini nikasikia nyingine: tri-tri-tri, kama changarawe inatikiswa ndani ya debe. Ukiachia mafuta inakoma, ukikanyaga inarudi. Binamu akauliza, "Kaka, hiyo ni nini?" Nikamwambia ni valvu, mpya, zitazoea. Nilikuwa najidanganya. Sindano ya joto ilikuwa imeshapita robo tatu. Kona ya tatu kutoka juu, gari likapoteza nguvu ghafla, moshi mweupe ukajaa nyuma, na geji ikalala mwisho. Watoto wa jirani walitupa maji kwenye madumu ya lita tano, wakakataa hela.

Tulirudi Mtwara nyuma ya fuso. Njia nzima sikusema neno.

Mzee alipofungua hedi, gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya 5 na 6, na pistoni ya 5 ilikuwa imemeguka ukingo unaoshika ringi. Silinda za nyuma kwenye injini hizi ndizo zenye joto zaidi, ukikosea ndizo zinazosema kwanza. Ule mlio wa changarawe ulikuwa petroli inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni.

Mzee akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wewe unafundisha kemia. Kile chumba ulikipima?"

Sikuwa nimekipima. Hakuna aliyekuwa amekipima. Sote tuliamini kitabu cha kiwandani.

Siku ya pili nilileta bureti ya maabara, ule mrija wenye alama za cc na koki chini. Tuliilaza hedi kifudifudi juu ya meza, plagi zikiwa mahali pake, valvu zimefungwa na kupakwa grisi kidogo ukingoni zisivuje. Juu ya chumba cha moto tukaweka kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, nimekitoboa tundu dogo, nacho tukakibandika kwa grisi. Bureti nikaijaza mafuta ya taa. Nikafungua koki, mafuta yakaanza kutambaa chini ya plastiki, povu la hewa likawa linasogea kuelekea kwenye tundu, dogo, dogo zaidi, likatoka. Nikafunga. Nikasoma: cc 40.2. Chumba cha pili 39.8. Cha tatu 40.0. Vyote sita vilikaa hapohapo.

Kiwandani chumba cha E31 ni 42.4. Hedi ile ilikuwa imeshachongwa, uso wake ukapunguzwa, huko nyuma, labda mjomba aliwahi kuichemsha, na hakuna aliyetuambia. Hesabu yake hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Silinda moja ya injini yangu ina cc 464. Juu ya pistoni ikifika mwisho kulibaki chumba cha 40 na unene wa gasketi kama 7, jumla 47. Chukua 464 jumlisha 47, gawanya kwa 47, unapata 10.9. Kwa petroli ya vituo vyetu, joto hili, na mlima ule, sikuwa na pa kutokea. Nililipa karibu milioni sita kujenga injini ambayo bureti ya maabara ingeniambia isijengwe.

Kazi hii ya kupima ifanye kabla hujaagiza pistoni, maana pistoni ndiyo inayosawazisha kila kitu. Nilipata seti nyingine ya kipenyo kilekile yenye bakuli juu, bakuli la cc 11. Sasa weka 40, 7 na 11, unapata 58. Na 464 jumlisha 58, gawanya kwa 58, ni 9.0 kamili. Ndiyo kompresheni ambayo Nissan wenyewe, waliotengeneza Datsun, waliiweka kwenye 240Z za mwanzo. Mzee aliposikia namba hiyo aligonga meza kwa kiganja.

Hedi ikichongwa kuna jambo lingine wengi hawalijui. Kamshafti ya injini hizi iko juu ya hedi na inazungushwa kwa cheni, kwa hiyo hedi ikipungua, kamshafti inashuka, cheni inalegea na taimingi, wakati wa valvu kufunguka, inachelewa. Tuliweka shimu, vipande vyembamba vya kuinulia, chini ya nguzo za kamshafti kuirudisha mahali pake. Kamshafti ya mbio nikaitoa, nikarudisha ya L24 ambayo ilikuwa bado nzuri. Siti za valvu za kuingizia zilikuwa za shaba nyeusi, za enzi za petroli yenye risasi; tukazing'oa tukaweka za chuma kigumu. Kabureta zile mbili za Hitachi nilizibakiza. Nilishawishiwa niweke tatu kubwa za Italia, lakini Mzee anazisikiliza hizi mbili kwa mpira wa maji sikioni na kuzilinganisha kwa dakika kumi, na hiyo kwangu ina thamani kuliko farasi ishirini. Likiharibika Tandahimba usiku, atakayekuja ni yeye.

Rejeta tuliiongeza safu, kutoka mbili kuwa tatu, na kava la feni ambalo lilikuwa limepotea tukatengeneza la bati. Mzunguko wa maji unapaswa kuingia kwenye bajeti siku ileile unayofikiria injini, hasa ukiwa unaishi joto la pwani na unapanda milima. Oili ni 20W-50. Valvu nazipima injini ikiwa ya moto: milimita 0.25 za kuingizia, 0.30 za kutolea.

Marudio hayo yalinigharimu 2,600,000: pistoni 1,400,000, gasketi upya 320,000, ufundi 400,000, rejeta 480,000. Ukijumlisha kila kitu tangu ile 1JZ ni shilingi 10,220,000. Nilikaa na mke wangu mezani tukaandika upya hesabu kama ningemsikiliza Mzee tangu Masasi: 5,100,000. Nusu yake. Nusu nyingine ilikuwa bati za nyumba. Hakunigombeza. Alikunja karatasi akaiweka ndani ya kadi ya gari, nayo bado imo humo.

Kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba kwa miaka mitatu kila niliyemwuliza alinijibu kuhusu gari la ndoto zangu, na mtu mmoja tu alikuwa anajibu kuhusu gari lililokuwa mbele yake. Nilimpita kwa sababu gereji yake ni ya makuti na hana picha za kuonyesha. Nimemwomba radhi. Alisema, "Mwanangu, gari ni la mjomba wako, hasira za nini?"

Oktoba 2025 nilirudi Newala kwa njia ileile ya Masasi. Binamu alikuwepo, gunia mbili nyuma kama mara ile, jua la saa saba. Tulipoanza kupanda nilizima redio na kushusha vioo. Gia ya tatu, 2,500, mguu nusu. Hapakuwa na changarawe. Sindano ilikuwa katikati, ikasogea kidogo, ikasimama. Kwenye kona ya tatu kutoka juu nilipaki pembeni, nikafungua boneti na kupitisha kidole nyuma ya hedi, kati ya silinda ya 5 na ya 6. Kilikuwa kikavu. Watoto walikuja wakikimbia na dumu la maji, wametukumbuka. Tukanywa sisi.